Daktari anataka utumbo upone, mimi nataka kufika Kariakoo

Nauza vitenge Kariakoo, nakaa Mbagala. Mwenzangu mwenye vidonda vya utumbo mpana ataielewa hesabu yangu ya asubuhi: foleni, choo cha kulipia kiko wapi, sarafu za mia mbili kwenye pochi. Konda akipiga kelele "songeni nyuma", mimi sibanduki mlangoni.

Dawa ya mesalazini ilipokata damu chooni nikajihesabu mzima. Daktari hakukubali. Kwake kuisha kwa dalili ni hatua ya mwanzo tu. Anataka kalprotektini, protini inayoashiria uvimbe wa utumbo, ishuke kwenye kipimo cha choo, halafu kamera ionyeshe utando wa ndani umepona, kwa sababu uvimbe unaweza kuendelea chini kwa chini wakati wewe unajisikia vizuri. Na prednisolone, ile ya kutuliza uvimbe, si dawa ya kuzeeka nayo, inadhoofisha mifupa na kupandisha sukari. (Mimi ilinivimbisha uso, wateja wakanipongeza kwa kunawiri!)

Kilichonifurahisha ni kwamba mwongozo wa kimataifa wa 2021, STRIDE-II, unaweka maisha ya mgonjwa kuwa sawa kati ya malengo rasmi ya tiba. Basi nikamwambia aandike na yangu: nilale usiku kucha, niuze hadi jioni bila kumwachia jirani meza, nikae harusini mpaka keki ikatwe. Akaandika kweli. Siku hizi ananiuliza usingizi kwanza, damu baadaye.

La harusi bado. Shangazi anasema naringa.