Meigs, uwanja nisioukanyaga

Kuna uwanja wa ndege ambao naweza kukuchorea nikiwa nimefumba macho, na nchi ulipokuwa sijawahi kufika. Ni Meigs Field, Chicago.

Sisi tuliokulia Dar miaka ile kompyuta moja ilikuwa ya mtaa mzima, tuliujua kupitia Microsoft Flight Simulator, mchezo wa kompyuta wa kurusha ndege. Binamu yangu kule Tabata alikuwa nayo kwenye sidii ya kuchoma, jina limeandikwa kwa kalamu ya wino mweusi. Ukiifungua tu, inakuweka Meigs, ndani ya Cessna, mbele yako namba 36 imepakwa rangi nyeupe kwenye lami. Baadaye sana ndiyo nikajua namba hiyo ni dira: unatazama nyuzi 360, kaskazini kabisa. Kulia ni Ziwa Michigan, kushoto maghorofa, na njia ya kurukia ni hiyo moja tu, kama mita 1,200. Hatukuwa na usukani, tulikuwa na vitufe vya mishale. Mara nyingi ndege iliishia ziwani. Tukiwa na hasira tulikata kona kushoto kwenda kulitafuta jengo la Sears, na shangazi akipita anauliza kwa nini leo tena tunaua watu.

Uwanja wenyewe ulifunguliwa mwaka 1948 kwenye Northerly Island, ambayo kwa jina ni kisiwa ila imeungana na bara. Haukuwa uwanja wa ndege kubwa. Hizo zilikuwa na O'Hare na Midway. Hapa zilitua ndege ndogo: wafanyabiashara wenye kikao mjini saa nne asubuhi, wanasiasa wa jimbo wanaokwenda na kurudi Springfield yalipo makao makuu yao, madaktari, na matajiri wa wikiendi. Unashuka, unachukua teksi, dakika chache uko katikati ya mji. Sijidanganyi kwamba ulikuwa uwanja wa watu kama sisi.

Cha kwetu kinachoukaribia ni Terminal One ya uwanja wa ndege wa Dar, pale Barabara ya Nyerere ambayo wazee bado wanaiita Pugu Road. Haiko mjini kati, lakini tabia ni ile ile. Wiki hii nimemsindikiza mama mdogo anayerudi Unguja, nikasimama kuangalia. Mzigo unapimwa, na wewe mwenyewe unaombwa upande mizani, mbele za watu. Mama mdogo alivua viatu kwanza, kama vile kilo mbili zingemwokoa. Kwenye Caravan, ndege ndogo za safari hizo, abiria mmoja hukaa pembeni ya rubani, na safari hii akapewa yeye. Dakika kama ishirini hewani. Alinipigia akiwa ameshafika, na stori yote ilikuwa ya rubani: kijana mdogo, kumbe anaendesha kwa mkono mmoja!

Nirudi Chicago, kwa sababu kilichonifanya niandike ni ule usiku Meigs ilipobomolewa.

Meya Richard M. Daley alikuwa akiutaka ule uwanja uwe bustani kwa miaka mingi. Aliufunga mwaka 1996, jimbo likaingilia kati, ukafunguliwa tena mwaka 1997. Mwaka 2001 yakafikiwa makubaliano na gavana kwamba uendelee kwa miaka mingine 25. Basi usiku wa tarehe 30 Machi 2003, Jumapili, karibu na saa sita, makatapila yakaingia yakisindikizwa na polisi. Kulipokucha, njia ya kurukia ilikuwa imechimbwa alama kubwa za X. Ndege 16 zilikuwa zimeegeshwa pale, wenyewe hawana habari. Baadaye ziliruhusiwa kuondoka kwa kurukia kwenye njia ya pembeni, ile ambayo kwa kawaida ndege hutembelea tu. Meya akasema ni usalama, mambo ya Septemba 11. Serikali kuu ilitaka taarifa ya siku 30 kabla ya kufunga uwanja, na faini ya juu kabisa ilikuwa dola 1,100 kwa siku. Jiji likatozwa dola 33,000. Piga hesabu mwenyewe, kisha uniambie kama hiyo ni adhabu au ni nauli.

Kwa marubani, X kwenye lami ni alama ya dunia nzima: hapa pamefungwa, usitue. Kwetu Dar X inasomwa na kila mtu, hata asiyejua kusoma. Ukiamka ukakuta ukuta wako umepigwa X nyekundu, huhitaji barua. Binamu yangu wa Flight Simulator amejenga Kimara, na ile bomoabomoa ya 2017 ya kupanua Barabara ya Morogoro ilimpitia upande wa mbele: fremu mbili za duka na kibaraza. Nilipomtumia habari ya Meigs akajibu kwa sauti ya WhatsApp, anacheka: "Kumbe hata uwanja wetu ulipigwa X!"

Tumebishana wiki nzima. Mimi nasema matokeo si mabaya. Pale sasa ni bustani, watu wanatembea kando ya ziwa bila kulipa, jengo la abiria limebakizwa, kuna uwanja wa matamasha. Huku kwetu ukiiondoa Coco na vipande vichache, kuiona bahari lazima ununue soda. Tena hapa kwetu mambo yalikwenda kinyume: watu wa Kipawa ndio waliohamishwa kuupisha uwanja wa ndege. Chicago uwanja umewapisha watu.

Yeye haingii huko. Kwake hoja ni saa. Kama jambo ni zuri, kwa nini lifanywe saa sita usiku, tena wiki ambayo kila mtu anatazama vita ya Iraki? Nikamwambia mchana lingezuiwa mahakamani. "Ndiyo maana ya mahakama," akasema, halafu akaanza kunieleza upya habari ya fremu zake, ambazo nazijua hadi rangi.