Tetea wa Ng'ambo ya Yala

Mwaka 2004, nikiwa darasa la saba, mdondo, ule ugonjwa wa kuku, uliingia kwa Kukhu, bibi yangu, kule Emuhaya, magharibi mwa Kenya, siku ya Jumatatu. Kufikia Ijumaa tulikuwa tumezika kuku 17. Walihara kijani, wakapinda shingo, wakafa. Wote walikuwa wa shingo tupu, mbegu aliyokuja nayo alipoolewa.

Sokoni Luanda wachuuzi walikuwa wakiwapunja bei, eti shingo ile ni ugonjwa. Kukhu hakuwajali. Shingo isiyo na manyoya humpunguzia kuku joto, naye huatamia mayai yake mwenyewe. Wale wa kisasa tulioanza kuletewa walitaga sana, lakini kuatamia hawakujua.

Miezi mitatu boma lilikaa kimya alfajiri. Kisha akaniita. "Mjukuu wangu, vuka mto Yala uende kwa wifi yangu. Mwambie nataka tetea wangu."

Kumbe miaka mingi nyuma alikuwa amemwekesha wifi yake kuku, kama wafanyavyo kina mama wa kwetu: mfugaji na mwenye kuku hugawana vifaranga.

Nilirudi na tetea mmoja kikapuni, miguu imefungwa kwa kamba ya mgomba. Mbele ya shingo alikuwa na kishungi kidogo cha manyoya. Kukhu alikitazama kwa muda mrefu. Alijua maana yake ni kwamba mbegu ilikuwa imechanganyika. Na jogoo tuliyepata kwa jirani alikuwa wa shingo ya kawaida. Tetea akataga mayai 11, akayaatamia.

Siku ya 21 milio ilituamsha. Kukhu alipiga magoti, akapenyeza mkono chini ya tetea, akawa anatoa kifaranga mmoja mmoja na kumpapasa kwa kidole gumba. Kuku hawa hutoka yaini shingo ikiwa tupu tayari, hakuna haja ya kungoja manyoya yaote.

"Huyu anayo. Huyu hana. Hana. Anayo."

Walioanguliwa walikuwa tisa, na wanne walikuwa nayo. Akawarudisha kwa mama yao, akaketi palepale kwenye majivu, akalia. Siku ya kuzika wale 17 hakuwa ametoa chozi.

Walipokua hakuwaweka wote kwake. Mmoja alimwekesha dada yake Luanda, mwingine jirani wa mtoni. Jogoo nilimpeleka mimi ng'ambo ya Yala, katika kikapu kilekile.