Jinsi nilivyotuliza utumbo bila kuacha dawa

Nilipoambiwa nina kolaitisi ya vidonda, yaani ukuta wa utumbo mpana umevimba na kuchubuka, nilidhani dawa zitamaliza kila kitu. Damu ilikoma kweli. Lakini tumbo liliendelea kusokota kila jioni.

Mtaalamu wa lishe akaniambia ninunue daftari. Kwa wiki 6 niliandika kila nilichokula, saa, na nilivyokwenda chooni. Jibu likajitokeza lenyewe: siku niliyotafuna karanga za kukaanga, au zabibu zetu za Dodoma na maganda na mbegu zake, usiku sikulala. Mtindi haukunisumbua, ila chai ya maziwa ilinikimbiza.

Siku hizi tumbo likichafuka nala ugali laini wa sembe, kuku wa kuchemsha, ndizi mbivu, na mlenda wa mama, ule unaovutika kama uzi. Likitulia narudisha choroko na mboga kidogo kidogo, maana mwanzoni niliacha vyakula vingi mno nikapungua kilo 5. Mwenzangu mwenye ugonjwa huuhuu anakula karanga bila shida, kwa hiyo daftari langu si lake. Dawa sijaacha hata siku moja. Chakula hakiponyi ugonjwa huu. Ila jioni sasa nalala.