Kiwiko cha Land Rover Kilichosubiwa Katwe

Mwaka 2011 kiwiko cha alumini kinachofunika thamosteti (vali inayofunguka maji ya injini yakipata moto) ya Land Rover yangu ya Series IIA, na kupitisha maji ya moto kwenda kwenye rejeta, kilimomonyoka mdomoni hata klipu ya bomba la mpira ikakosa pa kubana. Injini hiyo ya petroli ya lita 2.25 ni ya chuma, na alumini ikikaa na chuma ndani ya maji ya bomba yasiyotiwa dawa, alumini ndiyo inayoliwa. Kuagiza kutoka Uingereza kuliwezekana, ila nauli ilizidi bei ya kifaa chenyewe. Isitoshe, nilikuwa na hamu ya kukitengeneza.

Nilichonga mfano kwa mbao ya musizi. Alumini ikipoa husinyaa takriban milimita 1.3 kwa kila sentimita 10, kwa hiyo nilikuza vipimo vyote, nikaacha unene wa ziada kwenye uso unaokalia gasketi (kipande bapa kinachozuia uvujaji), na kuzilaza kidogo kuta ili mfano uchomoke bila kubomoa mchanga wa kalibu, ambamo alumini iliyoyeyushwa ingemiminwa. Mdomo niliunenepesha kuliko ule wa kiwandani, kwani sikuona sababu ya kuiga udhaifu.

Katwe, Kampala, nilimpata mzee anayesubu sufuria, askari mstaafu ambaye Kiswahili chake kilikuwa bado cha kambini. Nyaya za alumini nilizomletea alizisukuma kando.

"Hizi ni za sufuria, mwanangu. Lete pistoni kuukuu."

Alisema kweli: aloi ya pistoni ina silikoni, nayo huiwezesha kutiririka hadi kwenye pembe nyembamba. Kwa ajili ya uwazi wa ndani alikanda mchanga kwa molasi ya kiwanda cha sukari, akaufinyanga kwa umbo la njia ya maji, kisha akauoka juu ya makaa mpaka ukawa mweusi na mgumu kama kashata iliyoungua. Alipomimina, mvuke ulifoka kupitia vitundu alivyotoboa kwa spoki ya baiskeli, ambavyo bila hivyo hewa ingenaswa na kuacha mapovu ndani ya kifaa.

Nyumbani nilisawazisha uso kwa kuusugua juu ya msasa uliotandikwa kwenye kioo, nikatoboa matundu ya boliti kwa kufuata gasketi mpya. Kilipofungwa, hakikuvuja.

Mzee aliomba nimwachie ule mfano wa mbao. Nilikubali kwa sharti kwamba asiupunguze mdomo ili kubana matumizi ya pistoni.

"Haya, mwanangu," alisema. "Atakayelalamikia uzito nitamtuma kwako."