Nilivyoacha Sauti ya Tatu na Kuingia Opera

Kwaya nyingi zina upungufu uleule: wanaume wa sauti ya tatu, yaani tenori. Sauti ya nne hujaza benchi zima, ya tatu hubaki na watu wawili, na mmoja wao ana mafua. Kwa hiyo kijana yeyote anayeweza kufika juu bila kupasuka husukumwa huko. Ndivyo nilivyosukumwa nikiwa na miaka 17. Sikuonewa. Nilifika juu kweli, na nilipenda kusifiwa. Ila kufika juu na kukaa juu ni mambo mawili.

Nilipoingia chuo kusomea uimbaji wa opera, fomu yangu ilijazwa "tenori" na sikubisha. Kwa miaka minne niliimba kwa nguvu ya shingo, mishipa imenitoka kama kamba. Kila baada ya mazoezi makubwa nilihitaji siku nzima ya kunyamaza, nikaamini kazi yenyewe ndivyo ilivyo. Mwalimu wangu wa wakati huo alisema sauti za juu hukomaa polepole, nivumilie. Nikavumilia, hadi asubuhi moja nilipoamka naongea kama bawaba isiyotiwa mafuta.

Daktari wa masikio, pua na koo alipitisha kamera nyembamba puani, na kwenye skrini nikaziona nyuzi zangu za sauti kwa mara ya kwanza. Vitu vidogo, havifiki hata sentimita tatu, vyekundu, kingo zimevimba. Ukiimba ile La ambayo okestra hulinganishia ala zake, nyuzi hizo hukutana mara 440 kwa sekunde, na okestra nyingi za Ujerumani huipandisha kidogo hadi 443. Hesabu mwenyewe zimegongana mara ngapi katika miaka minne ya kulazimishwa. Daktari akaniambia jambo lililonifariji kuliko dawa: mwaka 1854 mwalimu wa uimbaji, Manuel García, alitumia kioo kidogo na mwanga wa jua kuliangalia koo lake mwenyewe likitoa sauti, na njia hiyo ikaja kutumiwa na matabibu. Kumbe uchunguzi wangu ulikuwa na babu mwimbaji.

Nilikaa wiki sita bila kuimba hata wimbo wa bafuni. Kisha nikatafuta mwalimu mwingine, mama mmoja aliyewahi kuimba jukwaani kwa miaka mingi. Nilijiandaa na aria tatu, yaani nyimbo za mtu mmoja kutoka opera, hakutaka kusikia hata moja.

"Zungumza," akasema. "Nisimulie ulivyofika hapa."

Nikasimulia. Yeye kafumba macho, mkono juu ya piano. Nilipomaliza akasema: "Wewe si tenori. Wewe ni baritoni uliyeazimwa."

Baritoni ni sauti iliyo kati ya ya tatu na ya nne, na katika kwaya ya sauti nne hana kiti chake. Huenda juu akasaidie au chini akajifiche. Lakini katika opera nusu ya wanaume wenye mambo yao, wapenzi waliokataliwa, marafiki wa shujaa, mabwana wenye wivu, ni baritoni. Nilitakiwa kufurahi. Badala yake nililia kwenye ngazi za jengo, maana miaka minne ya kazi za juu niliyokwisha kuzikariri ilikuwa haina pa kwenda.

Kosa lenyewe lilikuwa dogo kwa kipimo. Kila sauti ina mahali inapogeuka, Waitaliano wanapaita pasajo. Kwa baritoni mwepesi kama mimi mgeuko wa pili upo karibu na Mi iliyo juu ya Do ya katikati. Kwa tenori hufika karibu na Sol. Nilikuwa nimefundishwa kungoja hadi Sol wakati mwili wangu uliomba ruhusa kwenye Mi. Noti hizo chache ndizo zilizonichubua koo.

Tukaanza upya kabisa na pumzi. Kwa miezi miwili sikuimba neno. Kazi ilikuwa kuvuta hewa hadi mbavu zifunguke, kisha kuitoa kwa "sss" nyembamba huku mbavu zikikataa kufunga. Waitaliano huita apojo, yaani kuegemea, na ni jina zuri, kwa sababu siku utakapoipata unahisi umeegemea kitu ingawa umesimama wima. Mimi niliipata siku ya Alhamisi, ikapotea Ijumaa, ikarudi baada ya wiki tatu.

Halafu likaja zoezi ambalo kwa mara ya kwanza lilinifanya niwe mwanafunzi bora darasani. Mwalimu alitaka tushikilie sauti ya "ng'" kisha tuifungue polepole kuwa "a". Sauti hiyo hutuonyesha mtetemo unavyopanda usoni bila koo kubanwa. Wenzangu, ambao lugha zao huiweka "ng'" mwishoni mwa neno tu, walihangaika kuianzia. Mimi nikasema "ng'ombe", nikasema "ng'ambo", nikasema "ng'aa", mwalimu akaacha piano akaniuliza nimejifunzia wapi. Tangu siku hiyo darasa zima lilipasha sauti kwa kuita ng'ombe.

Lugha yetu ilinisaidia na kwingine. Irabu zetu tano zinakaribiana sana na za Kiitaliano, na mkazo wetu hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, kama maneno mengi ya Kiitaliano. Kilichonishinda ni konsonanti mbili zinazofuatana. Katika Kiitaliano neno la "mwaka" na neno la sehemu ya mwili isiyotajwa mezani hutofautiana kwa n moja tu, na mimi niliimba n moja mbele ya watu. Kijerumani kilinitesa zaidi kwa ile "u" inayosemwa na midomo ya mluzi na ulimi wa "i". Kifaransa tusikizungumzie.

Watu huniuliza mtu asiye na maikrofoni anasikikaje juu ya okestra ya watu sitini. Si kupiga kelele. Okestra ina nguvu nyingi zaidi karibu na mitetemo 500 kwa sekunde, na kuanzia hapo nguvu hupungua kadiri unavyopanda. Sauti iliyofunzwa hukusanya mng'ao wake karibu na 3000, ambako okestra imelegea, na sikio la binadamu ni jepesi mno kwenye eneo hilo. Hupiti kwa kuvunja ukuta, unapita dirishani. Nilipoelewa hivyo nilipunguza nguvu, na watu wa viti vya nyuma wakaanza kuniambia wananisikia.

Miaka mitatu baadaye nikaenda Ujerumani kufanya usaili. Huko kuna nyumba za opera takriban 80 zinazoendeshwa kwa fedha za umma, na nyingi huajiri waimbaji kwa mshahara wa mwezi. Unakwenda na aria tano, ya kwanza unachagua wewe, ya pili wanachagua wao. Mpiga piano humjui. Ukumbi una giza, na kutoka gizani hutoka neno moja: "Asante." Ukibahatika hufuatiwa na ombi la aria ya pili. Niliimba ile ya kabaila Almaviva, bwana anayemtishia mtumishi wake Figaro, kutoka opera ya Mozart, Le nozze di Figaro, yenye Fa kali karibu na mwisho. Ningekuwa bado tenori, Fa hiyo isingenitisha, ila isingemtisha Figaro pia. Nyumba kumi na moja zilinishukuru. Ya kumi na mbili ikanipa mkataba.

Mashindano nilijaribu mawili, sikufika fainali, basi.

Ile nyumba ndogo ilinifundisha kuliko chuo. Leo Papageno, mkamata ndege wa opera ya Mozart, kesho kutwa ofisa mwenye mistari sita, asubuhi onyesho la watoto. Desemba tulipiga opera ya Hänsel und Gretel, wakati mwingine mara mbili kwa siku, nami nikiwa baba mlevi mtengeneza mifagio, hadi nikaanza kuiota. Lakini kuna tarehe moja kila mwimbaji wa Ujerumani anaijua: 31 Oktoba. Nyumba isiyotaka kuendelea nawe msimu unaofuata lazima ikuarifu kabla ya siku hiyo kwisha. Akija mkurugenzi mpya, barua huwa nyingi. Yangu ilikuja mwaka wa tano.

Nikawa mwimbaji wa kujitegemea, maana yake unalipwa kwa onyesho, na ukiugua hulipwi. Miezi mitano simu ilikuwa kimya. Kisha siku moja saa mbili asubuhi wakala akapiga: mwimbaji wa Schaunard, mmoja wa marafiki katika opera ya La bohème, ameugua, mji uko nchi jirani, treni inaondoka baada ya dakika hamsini, je, naikumbuka kazi hiyo? Nikasema naikumbuka vizuri. Niliifungua noti nikiwa kwenye treni nikagundua naikumbuka nusu.

Nilifika saa tisa alasiri. Msaidizi wa mwongozaji alinizungusha jukwaani kwa muda usiofika saa moja: mlango huu, kiti hiki, usikanyage hapa pana shimo. Suruali ya mgonjwa ilikuwa kubwa kwangu, mshonaji akaikaza kwa pini. Kondakta nilimwona mara ya kwanza alipoinua fimbo. Katika tendo la nne Schaunard hupigana kwa mchezo na rafiki yake Colline kwa vyombo vya mekoni. Nilienda kulia badala ya kushoto, nikamchoma mwenzangu mgongoni, ukumbi ukacheka kana kwamba tulipanga.

Dakika chache baadaye Mimì, msichana mgonjwa wa opera hiyo, anakufa, na wa kwanza kugundua ni Schaunard. Puccini, mtunzi wa opera hiyo, hakumpa wimbo hapo. Alimpa maneno machache ya kumnong'oneza rafiki yao Marcello kwamba amekata roho, karibu sawa na kusema tu. Niliyasema kwa sauti ileile niliyomsimulia mwalimu wangu nilivyofika kwake. Mahali fulani katika viti vya mbele mtu akafungua mkoba kutafuta leso.

Nyumba hiyo imeniita mara tatu tangu hapo. Suruali niliirudisha usiku uleule. Pini moja niliikuta hotelini, imeng'ang'ania shati, na sasa inashikilia ukurasa uliochanika kwenye noti zangu za tendo la nne.