Kuta za chumvi pale Kitum

Juzi nikifunga jiwe la chumvi pale zizini, kitinda mimba wangu akaniuliza, baba, na wanyama wa msituni nani huwanunulia chumvi? Nikamwambia tembo wa Mlima Elgon huchimba yao wenyewe mapangoni, halafu nikajikuta namuwaza mzee wangu siku nzima, na safari yetu ya huko.

Tulipiga tenti karibu na Chorlim, geti la kuingilia hifadhi ya mlima, maji ya bomba yapo, choo kipo, na baridi ya usiku ilikuwa kali mpaka mzee akalala na koti. Asubuhi chai, kisha tukatoka na renja. Pango la Makingeny tulipita haraka, maji yanaanguka mbele ya mdomo wa pango na mimi nilitaka tukae, lakini mzee alikuwa na haraka ya pango la Kitum.

Humo ndani ni giza totoro, pango linaingia mlimani kama mita 200, popo wanalia juu na chini ni mavi ya tembo yaliyokauka. Renja akamulika ukutani. Michirizi ya pembe kila mahali, mirefu, mingine juu kuliko kichwa changu. Akatueleza kwamba mvua za mlimani huosha chumvi kwenye udongo, kwa hiyo tembo huja usiku, wanapapasa njia kwa mkonga, ndama nyuma ya mama zao, wanabomoa mwamba kwa pembe na kuutafuna. Mzee akavua kofia. Akaweka vidole kwenye mchirizi mmoja akaufuata polepole toka juu mpaka chini, akavilamba, akasema, "Weka mkono, kijana." Nikaweka. Mwamba baridi, unamung'unyika. Akasema wazee wetu waliishi na ng'ombe kwenye mapango ya mlima huu na ng'ombe nao walilamba kuta, na sauti yake ilikuwa imebadilika, sijawahi kumsikia hivyo tena mpaka alipofariki.

Sasa mtoto anataka nimpeleke. Mama yake hataki kusikia habari ya popo, na ana haki, kuna mgeni aliyeugua Marburg, ugonjwa hatari wa virusi vya popo, mwaka 1980 na mwingine 1987 baada ya kuingia Kitum. Lakini majangili waliwamaliza sana hao tembo miaka ya 1980, waliobaki ni wachache na ndio wanaowaonyesha ndama ile njia ya gizani, na mimi natamani sana mtoto aione michirizi angali mdogo. Labda tuishie mdomoni mwa pango, asiguse kitu. Bado tunabishana na mama yake.