Akaja akakaa

Jumatatu, saa saba usiku

Usingizi umekataa kabisa. Jana tuliwasha mshumaa wa kwanza wa Majilio, yale majuma ya kungoja Krismasi, na Jumapili inayokuja ni zamu yangu kusoma somo la Agano la Kale, Isaya 9, ule mlango ambao sote tunaujua toka utotoni. Nlikuwa nafanya mazoezi hapa chumbani kwa sauti ya chini, nimesoma mara tatu mara nne, alafu nikakwama kwa neno moja na tangu hapo sijaweza kuzima taa. Joto nalo ndio limeanza, feni inazungusha hewa ile ile moto. Wacha niandike tu.

Mama ataamka saa kumi. Ana miaka 71 na kila alfajiri nasikia kitanda chake kinalia, kisha kimya kidogo, kisha sauti yake inaanza pole pole kama mtu anaongea na jirani dirishani. Anamuombea mdogo wangu. Miaka tisa sasa. Nikisoma ule mlango wa pili wa Luka, pale panapomtaja Ana binti Fanueli, mjane wa miaka 84 ambaye hakutoka hekaluni, alikuwa akifunga na kuomba usiku na mchana, mi huwa simuoni mwengine ila mamangu na ile kanga yake iliyopauka.

Mdogo wangu ni unga, zile dawa za kulevya. Mtu wa Mombasa sina haja ya kumueleza zaidi, kila mtaa hapa una nyumba ambayo vyumba vya ndani vimetiwa kufuli na anayefungiwa ni mtoto wa nyumba hiyo hiyo. Kwetu ilienda redio, ukaenda mtungi wa gesi, siku moja ikaenda sufuria ikiwa na wali ndani yake, wali wa mchana wetu, na mama alikaa jikoni akiangalia ile jiko bila kusema kitu. Ameenda rihabu mara mbili. Alianza metadoni, ile dawa ya kumsaidia mtu kuacha unga, nayo akaiacha. Kuna wakati nliacha kabisa kumtaja nikiomba, nasema hivi kwa uchungu, nlikuwa naombea watu wote wa nyumba hii nikifika kwake naruka, manake nlihisi nikimtaja ntakuwa namdanganya Mungu kwamba bado natarajia kitu.

Sasa Alhamisi iliyopita akina mama wa kanisa walinishika niende nao maskani, pale wanaposhinda watu wa unga. Wao huenda kila wiki na chai ya maziwa kwenye madumu na mahamri, wanawapelekea mateja, hao waliotekwa na unga, huko Kisauni nyuma ya magereji, na wanajua wengi wao kwa majina. Mi nlikuwa nakwepa miezi yote hii kwa sababu nlijua nani ntamkuta. Na nlimkuta. Amekaa chini kwa karatasi ya boksi, ameegemea ukuta, mguu mmoja umevimba mpaka kiatu hakiingii amekikanyaga nyuma kama ndara. Alikishika kikombe kwa mikono yote miwili akakipuliza, akakipuliza tena na tena, na ile chai ilikuwa ishapoa zamani, mi ndio nliimimina na nlijua imepoa. Nlitaka kulia kwa kile kitendo kuliko ule mguu. Mtoto mama alimfunza hivo, puliza kwanza mwanangu utaungua.

Mama mmoja ambaye hamjui kwamba ni ndugu yangu akamuuliza kwa upole, "Wakaa wapi, mwanangu?" Akajibu, "Nakaa hapa." Akaonyesha boksi kwa kidole. Hakuwa anajibu vibaya, ndio jibu lenyewe.

Alafu wakati tunakusanya vikombe akaniita. "Dada." Miaka mingapi hajaniita hivo. Akaniuliza, "Huyo Mwokozi wenu yuwaja mpaka huku, au ni mpaka sisi tufike kule kwenu?" Nikamjibu jibu la haraka haraka, nikasema Mungu yuko kila mahali. Akatikisa kichwa akarudi kupuliza kikombe ambacho hakina kitu. Najua nimemjibu vibaya, nimejua hapo hapo, na njia nzima kwenye matatu mpaka Kengeleni lile swali lilikuwa limenikaa kooni.

Basi turudi kwa lile neno. Isaya anasema, "Watu wale waliokwenda katika giza wameona nuru kuu." Nikafungua Mathayo 4 ambapo yale maneno yanarudiwa Yesu anapoanza kazi, na pale imeandikwa, "Watu wale waliokaa katika giza." Waliokwenda. Waliokaa. Nlikuwa nimesoma hiyo mistari miaka yote na sijawahi kuona tofauti. Sina elimu ya kueleza ni kwa nini, lakini moyo wangu ulielewa kitu. Kati ya Isaya na Yesu ni kama miaka 700. Mtu anaweza kutembea gizani kwa muda, anapapasa ukuta, anajipa moyo kwamba mlango uko mbele kidogo. Lakini ikiwa ni vizazi na vizazi? Mtu huchoka, anakaa. Na ahadi haikusema itawafikia wanaotembea pekee, iliwafuata mpaka pale walipokaa, na maneno ya Mathayo ni "mwanga umewazukia," yaani kama jua linavyomzukia mtu, na jua halingoji uamke ndio litoke.

Na ni wapi jamani? Zabuloni na Naftali, nchi za makabila mawili ya Israeli, kule Galilaya. Nlitafuta kidogo historia yake. Tiglath-Pileseri mfalme wa Ashuru alipopanda na majeshi yake, karibu mwaka 732 KK, sehemu hiyo ya kaskazini ilikuwa ya mwanzo kuchukuliwa, imeandikwa kwa 2 Wafalme 15, Hazori na Galilaya na nchi yote ya Naftali, watu wakahamishwa mateka mpaka Ashuru. Miji ya kusini ilikuwa bado imesimama. Kwa hivyo giza lilianzia huko. Na hapo hapo palipovunjwa mwanzo ndipo Isaya anaambiwa nuru itaonekana, ati aliyekuwa katika dhiki hatakosa changamko. Changamko! Neno gani zuri hivi na mi nimelipita kila mwaka.

Tena haongei kwa "wataona," anasema "wameona." Mtoto "amezaliwa." Wakati anasema hayo hakuna kilichotokea bado, mateka wako njiani na nyumba zao ziko wazi, na waliomsikia kwa masikio yao walikufa wote hawajaona. Mi nlikuwa nadhani imani ni kusema itakuwa itakuwa. Yeye anaisimamisha ahadi kwa "-me-" kama kitu kilichokwisha fika mlangoni. Nafikiri mama anaomba hivo, ndio maana sauti yake alfajiri haina pupa.

Alafu hapa sasa ndio pamenikosesha usingizi. Mathayo anasema Yesu aliondoka Nazareti, "akaja akakaa Kapernaumu, mji ulioko pwani, mipakani mwa Zabuloni na Naftali." Akakaa. Neno lile lile. Wamekaa gizani, naye akaja akakaa. Na ni mji wa pwani, mji wa wavuvi na watoza ushuru, watu wa kila kabila wanapita, wale wa Yerusalemu wakiutazama hivi hivi kama watu wa bara wanavyoongea kuhusu sisi.

Nliposhuka Kengeleni Alhamisi ile nlisimama pale kwenye ile kengele, sijui kwa nini, huwa naipita tu kama wote tunavyoipita tukikimbilia gari. Ni kengele ya Frere Town, ile makao iliyoanzishwa na wamishonari wa Church Missionary Society mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Wengi walikuwa wameshikwa mbali sana huko bara, wakatiwa kwenye majahazi, na manowari za Waingereza zikayakamata majahazi baharini. Fikiria uko chini ndani ya jahazi, umefungwa, umekalishwa umebanana na wengine, hujui lugha ya aliye kando yako na hujui unapelekwa wapi. Hakuna aliyejifungua mwenyewe akaogelea mpaka Kisauni. Na wakishafika ile kengele ilikuwa inapigwa kuwaonya pia, wakija wale wa kuwateka tena. Manake mtu kukombolewa haikuwa mwisho wa hatari, na hili mi naliona kwa mdogo wangu, kila akitoka rihabu wale wauza kete za unga walikuwa wanamngoja kwenye kona ya kwetu.

Siandiki haya nikijua atapona lini. Nataka niandike tu kwamba usiku huu nimelitaja jina lake. Nimeliita lote, la nyumbani na la ubatizo.

Mama ameamka. Nasikia kitanda.

Alhamisi, jioni

Nimetoka huko sasa hivi, mikono bado inanuka iliki.

Alikuwa pale pale. Alikuwa na arosto, ule ugonjwa wa kukosa unga, anatetemeka na jasho, nikaogopa kidogo. Wiki iliyopita nliongea naye nimesimama, nimemuinamia kama daktari. Leo nimekunja deraa nikakaa chini, akasogea akanipa nusu ya boksi. Tukanyamaza muda mrefu. Wenzangu waliendelea kugawa mahamri.

Akaniuliza kama bado nasomaga kanisani. Nikamwambia Jumapili hii ni mimi. "Soma basi nisikie." Nikatoa simu nikamsomea Isaya, kisha nikamsomea na Mathayo, pole pole, na magari yanapigwa nyundo nyuma yetu. Alikuwa amefumba macho nikadhani amelala.

"Rudia hapo. Akaja akafanya nini?"

"Akaja akakaa Kapernaumu, mji ulioko pwani."

"Pwani?"

"Ndio imeandikwa hivo. Pwani."

Akafikiria. Aliniangalia, macho mekundu lakini ni yale macho yake, ya nyumbani. Kisha akaninyooshea kikombe akauliza kama kuna chai imebaki.